Asisimame Mpaka Mgeni Aondoke

"Akae, na akishakaa asisimame," binti yangu alisema, akigonga meza kwa ufunguo kama hakimu aliyepoteza nyundo. "Mgeni akiingia, amkute kwenye kochi. Mgeni akinywa chai, yuko kwenye kochi. Mgeni akiaga, ampungie mkono kutoka kwenye kochi. Mgeni akishapita ile kona ya duka, hapo asimame, aruke, apae akitaka, mimi sitauliza."

"Na akibanwa na haja?" nikamuuliza.

"Mama, usianze."

"Sianzi, naendeleza ulichoanza wewe. Tangu asubuhi umemnywesha maji ya moto na limau. Unadhani yamekwenda wapi, masikioni?"

"Atajizuia. Wanawake wenzake wanajizuia."

"Mwenye kujizuia ni wewe. Tangu uolewe."

Akanigeuzia mgongo akaenda kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka.

Mwenye kugombaniwa alikuwa palepale, kwenye kiti cha mezani, mikono juu ya magoti, akitusikiliza kama mtu anayesikiliza majirani wakigombania ukuta wa nyumba yake. Huyo ni mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu wa kiume. Watu wanamwita Kabati. Jina hilo alipewa shuleni na mvulana mmoja ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Nasikia siku hizi mvulana yule ana tumbo linalofika nyumbani kabla yake, na hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Mwanaume akinenepa, ni mambo yamemnyookea. Mwanamke akizaliwa na mabega, mtaa mzima unageuka kuwa waganga.

Jambo lililotukusanya siku hiyo lilikuwa hili. Mjukuu wangu ana mtu wake, fundi saa, mwanaume mpole mwenye vidole kama vya kushikia kope. Mwanaume huyo ni mtoto wa pekee, na mama yake akisema hapana, huwa ni hapana. Basi mama huyo alikuwa anakuja jioni ile kumwona binti anayesikia habari zake. Akimkubali, ni harusi. Akimkataa, fundi saa atarudi kwenye saa zake, na mjukuu wangu atarudi kuambiwa kila mtu ana riziki yake. Na Kabati alimtaka mwanaume yule. Msimwone kimya mkadhani ni mzigo tu umewekwa kitini.

Kitu pekee ambacho mama yule alikuwa amekiona ni picha, na picha yenyewe binti yangu aliipitia kwa mkasi kabla haijatumwa. Alikata mabega, akakata shingo nusu, akabakisha uso mtupu kama wa kwenye sarafu. Fundi saa hakuuliza, kwa sababu fundi saa hata akikatwa mguu ataomba radhi kwa kuchafua sakafu. Kwa hiyo mgeni alikuwa anakuja kuposa kichwa. Sisi ndio tuliokuwa na shida ya kueleza sehemu iliyobaki.

Sasa niwaambie sehemu iliyobaki imetoka wapi, maana watu wanadhani imetoka kwenye sufuria.

Siku aliyozaliwa, mkunga alitoka chumbani anafuta jasho akaniambia, "Bibi, ingia umwone, ila acheni nafasi." Wakampeleka kwenye mizani. Sindano ya mizani ikazunguka, ikazunguka, ikarudi palepale ilipoanzia ikatulia. Kwa hiyo kwa hesabu za zahanati mjukuu wangu alizaliwa hana uzito kabisa, na hakuna mtu amewahi kuja kusahihisha. Hakuwa mnene. Alikuwa mkubwa, na hayo ni mambo mawili, ila kuyaeleza kwa mtu aliyekwisha kuamua ni kama kulifundisha jiwe kuogelea. Vifundo vya mikono vipana, mabega ya kufungulia mlango, nyonga zilizokaa mahali pake zikatulia. Kaka yake anakula kama moto kwenye nyasi kavu, na bado suruali inamwanguka. Huyu akila kipande kimoja cha mkate, mtu wa meza ya pili anageuka kuangalia kama kimebaki kingine.

Kiunzi kile ni cha mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na ampe kitanda kipana. Siku moja lori la mchanga lilikatika breki likawa linarudi nyuma kwenye kilima cha soko. Watu wakakimbia. Yeye akaweka kikapu chini, akageuza mgongo, akaliegemea. Likasimama. Dereva alipofika na mawe ya kuzuia magurudumu alimkuta ametulia, anachambua mboga zake. Asiyeamini akaangalie, kilima bado kipo. Na mama yule aliolewa, akazaa, akazeeka, na sikusikia siku hata moja mtu akimwambia apungue. Wangemwambia nani awashikie malori?

Damu ile ilipita kwa mume wangu ikaja kwa watoto wangu, na hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa huyu binti yangu, shangazi yake Kabati. Mtazameni. Mabega yaleyale, nyonga zilezile, mbao ya mti mmoja. Nyani haoni kundule. Tofauti ni kwamba yeye amejifunga. Ana mkanda wa mpira wenye ndoano mgongoni, unafungwa na watu wawili na kufunguliwa kwa dua. Sijamwona akicheka kicheko kikafika mwisho. Kinapanda mpaka kifuani, kinakuta mlango umefungwa, kinarudi. Akiangusha sarafu huiaga.

Mwanamke huyo ndiye ana duka la vipodozi, na humo kuna majani ya kupunguza mwili, ya kwenye paketi za kijani zenye picha ya mwanamke aliyekonda anayecheka peke yake. Kabati aliyanywa majani hayo. Akapungua usingizi, akapungua maneno, akapungua raha. Mwili ukabaki. Akapewa ya paketi nyekundu. Akapungua nywele. Mwisho mama yake akampeleka kwa daktari, naye akampima damu, akamsikiliza moyo, akampapasa mifupa ya mkono na ya bega, akasema, "Huyu ni mzima kuliko mimi. Amejengwa hivi. Nyumba ya vyumba vinne haifungi njaa ikawa ya vyumba viwili."

Shangazi mtu akasema daktari yule bado mdogo, hajaona mengi.

Na wengine, wasio hata ndugu, ndio usiseme. Muuza viatu anamtazama mguu, kisha anamtazama usoni, kana kwamba mguu ule kaazima kwa mtu. Kisha anamletea viatu vya kiume na kumwambia rangi nyeusi haina jinsia. Fundi cherehani anampima huku akipiga mbinja ya chinichini, kama mtu anayepima kiwanja. Mwanamke wa kwenye foleni ya benki, ambaye hajui jina la mjukuu wangu, anajua anachopaswa kula usiku. "Dada, mimi nakupenda tu, ndiyo maana nakuambia." Hapo ndipo watu walipofika, kumpenda mtu kwa dakika ya foleni, na mapenzi yenyewe yote ni kabeji.

Anafanya kazi kwenye karakana ya makochi. Yeye ndiye anayevuta mikanda chini ya kiti na kukaza kitambaa kabla hakijapigwa pini, na kitambaa alichokikaza yeye ukikigonga kinalia kama ngoma. Kazi hiyo anaipenda. Asichokipenda ni kile anachokifanya mwajiri wake mteja akija. Mteja akishika mkono wa kochi na kusema, "Lakini litadumu hili?" mwajiri anapaza sauti, "Mwiteni Kabati aje akae." Kabati anaacha kazi, anakuja, anakaa. Mwajiri anafungua mikono kama mchezaji wa mazingaombwe. "Umeona? Likimbeba huyu, litabeba ukoo wako mzima." Mteja anacheka, analipa. Kabati anasimama, anarudi kwenye mikanda yake. Hajawahi kupewa hata soda.

Fundi saa kibanda chake kiko mkabala na karakana, kibanda cha kioo, na yeye ndani kama mkufu wa kuuzwa. Siku moja Kabati alimpelekea saa ya ukutani ya karakana. Jioni alikuja kwangu, akakaa kwenye kitanda changu, kitanda kikalalamika kidogo kwa sababu ni kitanda cha kulalamika, hata paka akipanda.

"Bibi," akaniambia, "yule fundi aliniuliza kuhusu saa."

"Sasa mke mwenzangu, ulitaka akuulize kuhusu bei ya saruji?"

"Aliniuliza inachelewa au inawahi. Nikamwambia inachelewa. Akaniuliza tangu lini. Basi."

"Basi?"

"Basi, Bibi. Saa tu. Mpaka naondoka, saa tu."

Nikamtazama usoni nikaelewa kwamba huyu hatarudi kwa fundi mikono mitupu. Kwa muda mrefu baadaye saa za nyumba hii ziliharibika moja baada ya nyingine, mpaka ya jirani ambayo ilikuwa haina neno.

Ndiyo hayo. Sasa turudi kwenye ugomvi, maana binti yangu alikuwa amemaliza kunyoosha pazia.

Hekima yake ilikuwa hivi, na naomba mjishikilie: mtu akikaa kando ya kitu kikubwa, anaonekana mdogo. Basi alikuwa amehamisha kabati lake la nguo kutoka kwake akaliegemeza kwenye ukuta wetu. Ameleta chungu cha maua ambacho mtoto anaweza kuogea. Ameleta vikombe vikubwa, ili mkono wa Kabati ukishika uonekane mkono wa bi harusi. Chai ya kikombe kile ukiinywa yote unahitaji kupumzika njiani. Na kochi alilokuwa akilizungumzia lilikuwa bado halijafika. Alikuwa ameliazima karakanani, kochi lililotengenezwa kwa ajili ya ukumbi wa kupokelea wageni hotelini, refu kama hotuba, lenye mgongo uliopanda mpaka unaweza kulikalia ukadhani uko mahakamani.

"Kwa nini usimpeleke akakae chini ya tangi la maji la mtaa?" nikamwambia. "Pale angeonekana kitoto kichanga."

"Mama, unamharibia mtoto."

"Mimi? Mkanda kamvalisha nani?"

Maana alikuwa amemvalisha mkanda wake wa akiba, na juu yake gauni jeusi, jembamba, lililokuwa limemkamata mjukuu wangu kama polisi. Kila akivuta pumzi, mshono wa ubavuni ulikuwa unatoa ushahidi.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza Kabati.

"Sijisikii, Bibi. Kuanzia hapa kushuka sijisikii kabisa."

"Uzuri una gharama," shangazi yake akasema.

"Wewe umelipa miaka yote hiyo, na bidhaa hujaletewa mpaka leo," nikamjibu.

Mama yake Kabati alichungulia kutoka jikoni, akaona uso wangu, akarudi kwenye masufuria yake. Ni mkwe mwenye akili. Baba mtu, mwanangu, alikuwa amekumbuka kazi fulani ofisini, kama anavyokumbuka kila akiona wanawake wamekunja mikono.

Ndipo tukasikia mkokoteni unasimama nje, na wapagazi wawili wakiambiana mambo ambayo sitayaandika. Binti yangu akafungua mlango wa mbele pande zote. "Polepole, polepole, si mali yangu," akawaambia. Kochi likaingia kichwa. Likaingia mabega. Likafika kiunoni likakwama.

Wakasukuma. Likalia. Wakavuta. Likagoma. Mmoja akasema lilalie ubavu, mwingine akasema ubavu gani, na katikati ya kushauriana huko wakalisukuma tena kwa hasira, mkono wa kochi ukajikita kwenye fremu ya mlango, na mgongo ukajikita kwenye fremu ya pili, na mambo yakaishia hapo. Halitoki, haliingii. Ndani tukabaki sisi wanawake na nusu kochi. Nje wakabaki wapagazi na nusu ya pili. Mlango ukawa umezibwa kama chupa, hata jua tukalipata kwa juu tu, kipande chembamba.

"Leteni msumeno," mpagazi mmoja akasema huko nje.

"Msumeno wa nini?" binti yangu akapiga kelele. "Kochi la hoteli hilo."

"Tukate mlango basi."

"Mlango wa nani?"

Kisha yule mpagazi, ambaye anafanya kazi karakana moja na mjukuu wangu, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo, "Kwani Kabati hayupo humo? Mwiteni Kabati. Kule kazini ndiye anayelitoa."

Binti yangu akageuka taratibu. Akamtazama mpwa wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kwa mara ya kwanza siku ile ule mwili haukuwa tatizo. Ulikuwa jibu. Ningependa mngeuona uso ule unavyobadilika. Kinyonga angeomba somo.

"Mama," akamwambia Kabati, kwa sauti ya asali, "hebu njoo unyanyue hapa kidogo."

Kabati hakusogea. Akachukua kile kikombe kikubwa kama ndoo, akanywa chai kidogo, akakirudisha mezani.

"Nimeambiwa nisisimame," akasema.

"Mgeni akija, nilisema. Mgeni hajaja."

"Ulisema nikishakaa nisisimame. Nimekaa."

"Wewe, huu si wakati wa utani. Mama mkwe wako atafika sasa hivi akute mlango umezibwa."

"Basi atanikuta nimekaa. Si ndivyo unavyotaka?"

Mimi nikatafuta mahali pazuri pa kukaa. Mambo kama hayo hayaji kila wiki.

"Mama, mwambie," binti yangu akanigeukia.

"Nimwambie nini? Mtoto ana adabu, anatii."

"Mwambie anyanyue."

Hapo nilikuwa na la kusema na nikalisema. Nikamwambia, "Friji lako lilipohamishwa, ulimwita nani? Rafu za dukani kwako zilipoanguka, ulimwita nani? Ulipoteguka mguu kwenye ngazi, nani alikubeba mgongoni mpaka hospitali, na ukamwonyesha njia kwa kidole kama mtu aliyepanda farasi? Siku ya kubeba, mwili huu ni baraka ya ukoo. Siku ya kukaribisha mgeni, mwili huu ni aibu, ufichwe nyuma ya chungu cha maua. Chagua kimoja, mwanangu. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Mnaoelemewa ni nyinyi mliosimama pembeni kuitazama."

Binti yangu akaenda mwenyewe kwenye kochi, akalishika chini, akavuta. Kochi likamtazama tu. Akavuta tena, na ndoano moja ya mkanda wake ikaruka, nikaisikia ikigonga kabati la nguo.

"Shangazi, acha," Kabati akasema. "Utaumia."

"Basi njoo."

"Nitakuja. Nitasimama nikunyanyulie. Lakini nikisimama, sikai tena. Nitampokea mlangoni, kwa miguu yangu. Na huu mkanda nautoa."

"Atakuona."

"Ataona nini?"

"Ataona..." Binti yangu akachora kitu hewani kwa mikono, kitu kikubwa, kisha akaona aibu kwa alichokichora akaishusha mikono. "Ataona ulivyo."

"Akinikubali nikiwa nimekaa, Shangazi, nitakaa mpaka lini? Harusini nikae? Nikizaa nikae? Nikienda kwake kumsalimia nibebwe na kochi?"

Nilicheka. Binti yangu hakucheka. Alikalia ule mkono wa kochi uliokuwa ndani, akavuta pumzi fupi za mkanda, na akasema jambo ambalo mimi, niliyemzaa, nilikuwa sijawahi kulisikia.

"Mimi nilisimama," akasema. "Siku mama mkwe wangu alipokuja. Nilisimama mlangoni, nimevaa gauni la bluu, najiona mzuri. Akaniangalia juu mpaka chini. Kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza kama nimekuja kuhamisha vyombo."

Jikoni kijiko kikaacha kukoroga.

Kwa kawaida kejeli huwa ninazo tayari, kama mtu mwenye kibiriti mfukoni. Nikapapasa, sikukuta kitu. Gauni la bluu nalikumbuka. Nililinunua mimi.

"Na wewe ukamjibu nini?" Kabati akamuuliza.

"Sikumjibu. Nilivuta tumbo ndani." Akaupapasa ule mkanda. "Sijaliachia mpaka leo."

"Na yeye?"

"Alikufa mwaka uliofuata, yule mama. Mshenzi sana."

"Alikufa?" nikasema, maana angalau hapo palikuwa na nafasi ya kuingia. "Kwa hiyo siku zote hizi unamvutia tumbo marehemu?"

Akanitazama vibaya. Lakini mdomo wake ulikuwa unahangaika, kicheko kilikuwa kinapanda, nikakiona kinapita kifuani kwa shida, pale ndoano ilipokosekana.

Kabati akaingiza mikono nyuma ya gauni. Ndoano zikaachia, moja, nyingine, nyingine, na kila moja ikitoka, mjukuu wangu alikuwa anaongezeka kidogo na uso wake unarudiwa na rangi. Akauvuta mkanda kwa chini, akaukunja vizuri kama mtu anayekunja nguo ya mwenzake, akamrudishia shangazi yake mkononi. Kisha mshono wa ubavuni wa gauni jeusi, uliokuwa umetoa ushahidi mchana kutwa, ukatoa hukumu. Ukafunguka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Ndani kulikuwa na shimizi safi, na ndani ya shimizi mwanamke mzima.

Akasimama. Mimi nimezoea kumwona akisimama, na bado kila mara nahisi kama nyumba imepata nguzo. Ile sebule yote iliyojazwa madubwana ili aonekane mdogo, akasimama katikati yake, na kabati la nguo likaonekana kama sanduku la viatu, na chungu cha maua kikawa cha maua tu. Hesabu ya binti yangu ilikuwa imejibu kinyume.

"Huko nje," Kabati akaita, "msivute. Nikisema sasa, mliachie."

Huko nje hakujibu mtu. Wapagazi, waliokuwa wakitukanana muda wote, walikuwa wamenyamaza ghafla, na mimi nikadhani wamekwenda kunywa maji.

Akainama kwa magoti, akapitisha mikono chini ya kochi, akalikumbatia. Ndoano za mkanda ziko mikononi mwa shangazi yake, zinagongana. Kochi likalia kwenye fremu, likatoa vumbi, likainuka upande mmoja, likasimama wima kama mlevi anayesaidiwa, likaingia ndani lote kwa mkupuo. Mlango ukabaki wazi, jua likaingia, na mjukuu wangu akabaki katikati ya sebule amelikumbatia kochi la hoteli kifuani kama wanacheza dansi, gauni limepasuka, viatu vya kiume miguuni, jasho kwenye paji la uso.

Binti yangu hata mlango hakuutazama. Alikuwa anautazama ule mshono, na hofu yake yote ya miaka ikarudi mbio.

"Liweke chini," akasema, akimvuta mkono. "Liweke, uvae shuka, ukae, mwanangu, nakuomba, kaa tu leo, kesho usimame, maana akija akakukuta hivi ata..."

Mlangoni alikuwa ameingia mwanamke mfupi, mwembamba, mkoba kwapani, vidole kama vya kushikia kope. Nyuma yake wapagazi walikuwa wamevua kofia. Amesimama hapo tangu lini, na amesikia mangapi, Mungu na wapagazi ndio wanaojua. Akavitazama vile viatu. Akapanda polepole, gauni, mshono, mikono, kochi, mabega aliyokuwa hajawahi kuletewa kwenye picha, akapanda mpaka shingo yake ikalala nyuma, na hapo juu akaukuta ule uso anaoufahamu.

Shangazi mtu alikuwa ameuficha mkanda nyuma ya mgongo.

Kabati aliliegemeza kochi begani ili apate mkono mmoja wa kumpa mgeni. Magoti hakuyakunja.

"Karibu, Mama," akasema.